Nimebadilishwa goti, sasa mguu chini una ganzi na usiku unawaka moto. Nipake nini?

Mwendo Pole
Wakuu habari zenu. Humu huwa nasoma tu napita ila leo imebidi nijiunge. Nilifanyiwa upasuaji wa kubadilisha goti la kulia, mwezi wa pili huu unaelekea kuisha, na goti lenyewe sina kesi nalo, linakunja, mshono umekauka, hata fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alinisifia. Shida iko chini. Kuanzia upande wa nje wa ugoko mpaka juu ya unyayo pale kamba za kiatu zinapokaa kuna ganzi, halafu ikifika usiku hiyo hiyo ganzi inageuka moto, shuka ikigusa vidole natamani kuitupa huko. Sielewi sehemu moja inakufaje ganzi na kuuma kwa wakati mmoja lakini ndio hali halisi. Silali, na mchana naendesha gari kwenda kazini macho mazito.

Swali langu moja tu, kuna kitu cha kupaka au kumeza kikanituliza usiku? Naomba wenye uzoefu wa goti, sio wa kubashiri.

Ngoja Waje
Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa paleee.

Mama Pacha
Pole sana kaka yangu. Kapime sukari. Mume wangu alianza hivi hivi, usiku anatoa miguu nje ya shuka anasema inaungua, kumbe sukari. Akaanzishwa metformini, miaka ikapita, moto ukarudi tena tukashangaa maana sukari ilikuwa imetulia. Kupima tena, vitamini B12 iko chini, tukaambiwa hiyo dawa ukiitumia muda mrefu inaweza kuishusha na B12 ikipungua neva za miguu zinaumia. Wanaume mna tabia mbaya ya kungoja mpaka mdondoke ndio mkapime, huyu wangu nilimpeleka kwa kumdanganya kuwa mimi ndiye naumwa.

Magoti Mawili
Mkuu karibu chamani, mimi nimebadilisha yote mawili. Usiwe na wasiwasi, ganzi ni kawaida kabisa, mpaka leo upande wa nje wa kovu ukinipapasa sisikii kitu na maisha yanaenda. Tena wewe bado hujapanda ndege, subiri ile mashine ya ukaguzi ikulilie watu wote wakugeukie. Mimi nilivuliwa mkanda, viatu, saa, bado inalia, kijana wa watu ananiangalia kwa mashaka mpaka nikapandisha suruali nikamwonyesha makovu. Siku hizi nikifika tu nasema mapema, magoti ya chuma haya.

Nesi wa Zamu
Magoti Mawili usimtulize mtu kwa ganzi isiyo yake. Ya pembeni ya kovu ni vitawi vidogo vya ngozi vinavyokatwa wakati wa kupasua, wengi wanabaki nayo na haina shida. Yeye anaongelea ugoko na juu ya unyayo, hiyo ni neva nyingine kabisa.

Mwendo Pole, kaa kwenye kiti, kisigino kibaki sakafuni, halafu nyanyua unyayo na kidole gumba kuelekea juu. Vinakuja?

Mwendo Pole
Asante Mama Pacha, sukari nilipimwa kabla ya upasuaji iko sawa. Asante pia dada Nesi. Nilipewa pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, ila ilinilewesha nikaiacha, je gabapentini ni nafuu zaidi kwa mtu anayefanya kazi? Au kuna ya kupaka?

Nesi wa Zamu
Hujajibu swali langu.

Ngoja Waje
Kidole hakijanyanyuka na mwenye kidole kanyamaza.

Mwendo Pole
Kinakuja kidogo. Inategemea na siku.

Nesi wa Zamu
Kidogo ni kiasi gani? Unaweza kutembea kwa visigino, vidole vikiwa juu, hata hatua chache?

Mwendo Pole
Haya. Hapana. Hakinyanyuki, wala unyayo haunyanyuki, tangu nitoke hospitali. Nikitembea unashuka wenyewe unapiga pa! sakafuni, kwa hiyo nimejifunza kunyanyua goti juu kama mtu anayevuka dimbwi na ukizoea sio mbaya. Nimeshajikwaa kwenye vizingiti ila sijaumia.

Kabla hamjanishambulia, daktari hajui na nina sababu. Siku ya kurudi kliniki aliangalia mshono, akakunja goti akaridhika, hakuniambia nitembee na mimi sikusema. Goti la kushoto limepangiwa mwezi ujao. Hiyo nafasi nimeisubiri sana, kazini ruhusa imeshapitishwa na aliyekuja kunishikia kazi keshaanza kufundishwa. Nikitamka tu kwamba mguu huu una hitilafu wataahirisha na narudi mkiani mwa foleni. Nimeamua, kwanza limalizike la kushoto, halafu hii neva tutaishughulikia kwa nafasi. Nimesoma kwamba neva zinajirudi zenyewe. Ndio maana nimeuliza ya kupaka, sikuomba ushauri wa upasuaji.

Hakimu Bila Kesi
Wakuu mnakunywa chai hii bila kupuliza? Hebu tulieni. Moja, kajiunga leo na uzi wake wa kwanza ndio huu. Mbili, anasema fizio alimsifia, fizio gani anamsifia mtu ambaye unyayo unaning'inia asiuone? Tatu, goti ni la KULIA, unyayo haunyanyuki, halafu anaendesha gari kwenda kazini. Anakanyaga breki kwa dua? Hizi nyuzi nazijua, mtu analia kidole, baadaye kidogo anatokea mwenzake na chupa ya mafuta. Subirini.

Tabibu wa Mizizi
Ndugu mleta uzi tatizo lako ni dogo sana. Kuna mafuta maalum ya kuamsha neva, wengi wamepona. Njoo PM.

Ngoja Waje
😂😂😂 Hakimu umeshinda kesi kabla mahakama haijakaa.

Mama Pacha
Mimi nimeandika habari za mume wangu hapa kwa moyo mmoja kumbe tunafanyiwa tangazo la biashara. Mods futeni huu uzi.

Magoti Mawili
Na mimi nimeshavua mpaka suruali humu.

Mwendo Pole
Huyo mtu wa mafuta simjui na sitaenda PM. Mnafikiri nakaa macho usiku kuwatungia hadithi?

Fizio alinisifia nikiwa bado wodini, nimelala kitandani na mabandeji, alikuwa anapima goti linakunja kiasi gani. Kuhusu unyayo nilimwambia bado ni ganzi ya ile sindano ya mgongoni na mimi niliamini hivyo. Nilipotoka sikurudi kwake, mazoezi nafanya nyumbani. Gari ni otomatiki, natumia mguu wa kushoto kwa mafuta na breki, ukikaa upande kidogo inawezekana. Mnataka picha ya kovu? Ya nini, si mtasema nimeokota mtandaoni. Nendeni mkaangalie kiatu changu, cha kulia mbele kwenye ncha soli imelika mpaka uzi wa mshono unaonekana, cha kushoto kizima na vilinunuliwa siku moja.

Magoti Mawili
Hakimu mimi kwa hicho kiatu nimemwamini. Kovu mtu atadanganya, maumivu atadanganya, lakini soli kulika ncha moja tu hilo halitungwi na mtu ambaye hajaburuza mguu. Nilikuwa na mwenzangu wodini mwenye shida hiyo, tulikuwa tunajua anakuja kabla hatujamwona, kwa ule mlio.

Hakimu Bila Kesi
Sawa kiatu nimekipokea kama kielelezo. Lakini gari sasa ndio umejimaliza mwenyewe.

Mama Pacha
Heri ingekuwa uongo! Unaendesha kwa mguu wa kushoto, usingizi hujalala, na barabarani kuna watoto wa watu. Breki ya ghafla mwili unatuma mguu uliouzoea, na huo mguu wako haupo. Kaka acha hilo gari LEO.

Mwendo Pole
Gari nimekuelewa mama. Ila goti la kushoto nalo linaniua, mifupa inasagana, sio kwamba natafuta upasuaji kwa starehe.

Nesi wa Zamu
Sasa tuongee. Pitisha kidole upande wa nje chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Neva inayonyanyua unyayo inazunguka hapo hapo karibu kabisa na ngozi, ndio maana inaumia kirahisi, na ndio hiyo hiyo inayokupa hisia za nje ya ugoko na juu ya unyayo, kwa hiyo ganzi, moto na kidole kisichonyanyuka sio magonjwa matatu. Inaweza kuvutwa wakati wa kunyoosha mguu, kubanwa na bandeji au na namna ulivyolala, au kuathirika na ule mkanda wa kubana damu pajani ukikaa muda mrefu. Nikuulize, kabla ya upasuaji magoti yako yalikuwa yanagongana?

Mwendo Pole
Ndio, tangu kijana. Yote mawili. Umejuaje?

Nesi wa Zamu
Kwa sababu mguu wa hivyo ukinyooshwa, neva ya upande wa nje ndiyo inayovutwa. Na goti la kushoto nalo linagongana, si umesema. Yaani unataka daktari arudie kazi ile ile upande wa pili bila kujua upande wa kwanza ulileta nini. Akijua anaweza kujipanga tofauti, asipojua atafanya alivyofanya mwanzo. Halafu jiulize, siku umetoka kufanyiwa la kushoto utaegemea mguu gani? Huo unaojikwaa kwenye vizingiti. Ukianguka vibaya mfupa unaozunguka goti la bandia unaweza kuvunjika, hapo foleni unayoiogopa utaikumbuka kwa hamu.

Neva kujirudi ni kweli, wengi wanapata nafuu, wengine yote wengine nusu. Ila ni taratibu mno, nyuzi zikibidi kuota upya ni kama milimita 1 kwa siku. Ndio maana muda unahesabiwa. Kuna kipimo cha umeme cha kuona neva inapitisha au la, huwa kinaeleza vizuri kuanzia wiki ya 3 au ya 4, wewe ulishapita hapo. Wakiona miezi kama 3 inafika hakuna dalili ya kurudi wanaweza kufikiria kuifungua pale ilipobanwa. Kwako nani anahesabu? Na mgongo pia waangalie, maana neva ikibanwa kiunoni unyayo unaweza kuanguka vile vile.

Kwa sasa, bandeji au kishika goti kisikae juu ya kile kinundu, usikunje nne, usilale mguu umemwagikia nje ukakandamiza hapo. Kifundo kinyooshwe kwa mikono au kwa taulo kila siku kisije kikakakamaa kikielekea chini. Kuna kifaa chepesi cha plastiki kinaingia ndani ya kiatu kinashikilia unyayo usidondoke, uliza. Dawa za neva usianze na kuacha mwenyewe, zinapandishwa na kushushwa polepole, kulewa mwambie daktari apunguze au abadilishe muda wa kumeza. Na kama bado unameza tramadoli kwa ajili ya goti sema, zikikutana na hizo usingizi unazidi na pumzi inaweza kushuka. Ya kupaka ipo, kuna hata plasta za lidokaini zinazowasaidia baadhi ya watu, lakini hakuna ya kupaka inayonyanyua kidole.

Ukiona unyayo umekuwa wa baridi na umebadilika rangi, au shavu la mguu limevimba linauma, au ganzi imehamia sehemu za siri na mkojo hauushiki, usiandike humu. Nenda usiku huo huo.

Mgeni Njiani
Sijasoma comments zote ila dawa ya miguu kuwaka ni kuloweka kwenye maji ya moto sana kabla ya kulala, utakuja kunishukuru.

Nesi wa Zamu
USILOWEKE. Mguu wenye ganzi hauwezi kukwambia maji yamezidi moto, utaona malengelenge asubuhi.

Magoti Mawili
Mgeni soma uzi kwanza mzee, humu tumetoka mbali.

Mwendo Pole
Nimepiga kliniki. Nimewaeleza moto na ganzi, wamenipa tarehe ya wiki ijayo kabla tu ya ile ya goti la pili. Nadhani inatosha, nikifika nitamweleza daktari mwenyewe.

Nesi wa Zamu
Kidole umewaambia?

Mwendo Pole
Sijafika huko.

Nesi wa Zamu
Piga tena. Sema hivi: tangu upasuaji unyayo haunyanyuki na najikwaa. Usiongeze kitu.

Ngoja Waje
Tunasubiri, hakuna kulala.

Mwendo Pole
Nimepiga. Aliyepokea ameniambia nisubiri, amekwenda kuuliza, amerudi anasema nije kesho asubuhi na nisije nikiendesha. Ya goti la kushoto nikauliza, akasema hiyo ataamua daktari akiniona. Sio kwamba nimekubali kuahirisha, nimekubali kuonwa.

Hakimu Bila Kesi
Mrejesho usikose. Tabibu wa Mizizi yeye arudishwe alikotoka.

Mama Pacha
Nani anakupeleka?

Mwendo Pole
Mke wangu. Habari ya kidole na yeye ndio kwanza nimemwambia leo.

Ngoja Waje
Basi kesi yenyewe ndio inaanza huko.