Nimenunua shamba la ufuta Lindi, kijiji kinanizuia kufyeka. Ushauri wakuu

Kijana_Ufuta: Habari za muda huu wakuu. Nina ekari 30 huku Lindi ndani ndani, nililipa keshi. Vijana wa kufyeka wapo kambini, mbegu ipo stoo, mvua hizo zinakuja. Jana kamati ya maliasili ya kijiji wametuvamia, wamebeba mapanga na mashoka yote. Karatasi ya mauziano ninayo, ina mhuri wa mwenyekiti. Nifanyeje? Matusi sitaki.

Mama_Kurwa: Pole mwanangu. Ufuta una mdudu huo, mimi msimu uliopita niliambulia mabua. Piga dawa mapema.

Gubegube: Mhuri wa mwenyekiti yupi? Wa kijiji au wa kitongoji?

Kijana_Ufuta: Wa kitongoji. Ila ni mtu mzima, anaheshimika.

Sheria_Mkononi: Umepigwa mkuu. Soma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999: hata halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Huyo wa kitongoji ameshuhudia tu hela yako ikiondoka. Halafu kamati ya maliasili inalinda msitu, shamba lako inalitakia nini? Liko wapi hasa?

Kijana_Ufuta: Liko kijijini mkuu.

Sheria_Mkononi: Miti ya hapo ina rangi?

Kijana_Ufuta: Ndiyo, miyombo imezungushiwa mkanda mwekundu usawa wa kifua, na kuna kibao. Shamba liko ndani kidogo ya hapo. Lakini nisikilizeni kwanza. Mzee aliyeniuzia ana makaburi ya babu zake humo humo na mwembe wao bado unazaa. Walihamishwa 1974, Operesheni Vijiji, hakuna aliyewauliza. Msitu umeota juu ya mashamba yao! Sasa mwenye ardhi nani, mzee au kibao?

Gubegube: Kumbe ni hifadhi ya kijiji! Ungeanza na hilo, kaka.

Sheria_Mkononi: Kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kilihalalisha ugawaji wa ardhi wa 1970 hadi 1977, na haki za zamani kwenye ardhi iliyogawiwa zikafutwa. Mimi naona ni dhuluma, ila mahakamani mwembe hautakusaidia. Na kijiji kikishatenga msitu wa hifadhi kwa Sheria ya Misitu ya 2002, kufyeka humo bila kibali ni kosa. Mzee apeleke dai lake mkutano mkuu, wewe mdai hela yako.

Gorowa_Halisi: Kwetu Babati, Duru-Haitemba, miaka ya 90 mwanzoni serikali ilitaka kuuchukua msitu uwe hifadhi yake. Wazee walikata miti usiku na mchana, kila mtu awahi chake kabla hakijawa cha serikali. Vijiji vilipoachiwa vyenyewe, wale wale wakageuka walinzi, na faini wanatozana bila huruma. Kamati ya kijiji usiichezee, bora bwana misitu wa wilaya.

Gubegube: Na hapo Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa utaratibu, mwaka 2009, wanauza mpingo hela inaingia kijijini. Kwa wenzako huo msitu ni benki.

Kijana_Ufuta: Nimewaelewa. Lakini nina ekari tano za vichaka tu, hakuna gogo la maana. Nikifyeka hizo alfajiri kabla hawajaja?

Mchungaji_Mstaafu: Usisogeze mpaka wa jirani yako, imeandikwa. Tubu kijana.

Mpita_Njia: Chai hii. Mwezi uliopita mleta mada alikuwa Mbeya anatafuta mchumba mwenye duka. Leo ana kambi Lindi?

Gubegube: 😂😂 Chai ya tangawizi. Nimeuona ule uzi.

Kijana_Ufuta: Ule aliandika shemeji yangu, tunatumia simu moja.

Mpita_Njia: Basi piga picha ya mkanda mwekundu na hiyo karatasi, uweke hapa.

Kijana_Ufuta: Karatasi anayo mzee.

Sheria_Mkononi: Juu umeandika "ninayo".

Kijana_Ufuta: Ninayo, ila ipo kwake. Simu ina chaji kidogo wakuu, ngoja nirudi.

Mchumba_wa_Mbeya: Shemeji ameshapata huyo mwenye duka?

Mama_Kurwa: Kama hulimi tena, hiyo mbegu ya stoo unauza kilo shilingi ngapi?