Tupeane uzoefu: nyumba ya familia kando ya ziwa, ni kitu gani kinakurudisha kila msimu?

Kasia la Babu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Wiki iliyopita tumekwenda kufungua nyumba ya familia kule ziwani. Ilikuwa imefungwa miezi saba. Nimeingiza ufunguo, mlango umefunguka kidogo, na ile harufu ikanipokea: mbao zilizofungiwa, mablanketi, mafuta ya taa kwa mbali, na majani makavu yaliyopenya chini ya mlango. Nikasimama pale kizingitini mabegi yakiwa bado mkononi. Mke wangu hakuniuliza kitu, amenizoea.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Vyumba viwili, baraza, paa la bati, na gati la mbao ambalo kila mwaka tunabadilisha mbao mbili tatu. Nimelala mahali pazuri kuliko pale mara nyingi tu, lakini hakuna hata mahali pamoja ambapo nikiamka usiku naweza kutembea gizani hadi nje bila kupapasa ukuta, nikijua ni ngazi ya pili ndiyo inayolia.

Kitu kinachonishika zaidi kiko nyuma ya mlango wa stoo. Babu alikuwa akiandika pale kwa penseli tarehe ambayo barafu ya ziwa imevunjika, mstari mmoja kila mwaka, hakuna maelezo. Babu alipofariki, baba akaendeleza, kisha mimi. Mwaka huu nimempa penseli mwanangu wa miaka sita. Herufi zake zimekula nafasi ya mistari mitatu na nambari 4 imegeukia upande wa pili. Nimeiacha hivyo hivyo.

Nilikuja kugundua kuwa hatuko peke yetu. Japani kuna Ziwa Suwa, ambako makuhani wamekuwa wakiandika habari za kuganda kwa ziwa lao tangu mwaka 1443. Na kwenye mto Torne, mpakani mwa Ufini na Uswidi, siku ya barafu kuvunjika imewekwa kwenye kumbukumbu tangu 1693. Leo wanasayansi wanazitumia kumbukumbu hizo kufuatilia mabadiliko ya hali ya hewa. Walioanza kuandika hawakuwa na habari hiyo kabisa. Waliandika kwa sababu ziwa lilikuwa mbele yao.

Basi wenye nyumba za ziwani, ziwe zenu, za wazazi au za kuazima kwa ndugu, tupeane uzoefu. Msinipe mandhari nzuri, hiyo sote tunaijua. Nipeni kitu kidogo, cha kushikika.

Mama Wawili

Asante kwa mada hii, kaka. Nimeisoma nikiwa kazini ikabidi nitoke nje kidogo.

Changu ni sauti. Nyumba yetu iko kwenye ghuba ndogo, jioni upepo unakata kabisa, maji yanalala. Nilipokuwa na miaka kama kumi nilichukua mtumbwi peke yangu kwa mara ya kwanza, nikapiga kafi hadi katikati. Nikageuka kutazama nyumbani, mama yuko kwenye gati anaonekana mdogo kama kidole. Mara nikasikia sauti yake, wala hakupaza, alikuwa anazungumza na shangazi: "Mwache, anajua njia." Kila neno limenifikia kama vile amekaa mtumbwini pamoja nami.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Hewa iliyogusana na maji ya baridi inapoa kuliko ile ya juu yake, kwa hiyo sauti badala ya kupotelea angani inapindishwa kurudi chini na kuteleza juu ya maji mbali sana. Ndiyo maana jioni tulivu unamsikia jirani wa ng'ambo akikohoa.

Mama ametutoka mwaka wa tatu sasa. Kila tukienda, jioni ya kwanza nawaacha wanangu kwenye gati na baba yao, natoka na mtumbwi hadi pale pale katikati, naweka kafi magotini. Wanaongea ovyo, wanagombania taulo, wanamwita baba yao. Nawasikia wote.

Mfunga Nyumba

Dada, pole sana na asante.

Mimi kwetu kazi yangu ni kufunga, na naipenda kuliko kufungua. Majani yakishapukutika na maji yakawa na rangi ya chuma, tunakwenda siku mbili tu kwa kazi hiyo. Mtumbwi unatolewa majini na kupinduliwa juu ya magogo. Magodoro yanasimamishwa yasigusane na ukuta, na kila kitu kinachoweza kumvutia panya kinaondoka.

Kazi kubwa ni maji. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu liliwahi kutukuta. Mwaka mmoja tulizima pampu, tukafungua mabomba yakatiririka hadi kukauka, tukaondoka tumeridhika. Tukasahau kipande cha bomba kinachopita chini ya bafu, kimeinama kidogo, maji yakabaki ndani. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na bomba halina pa kwenda. Tuliporudi majira ya joto, tukafungua pampu, sakafu ya bafu ikaanza kuchuruzika kutoka chini. Tulibomoa mbao ambazo baba alizipigilia kwa mikono yake. Tangu hapo tunafungua bomba lililo chini kuliko yote, tunapuliza hewa kwenye njia nzima ya maji, na yale maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki tunayatoa kwa mkono. Orodha imebandikwa ndani ya kabati. Hakuna anayeondoka kabla haijasomwa kwa sauti.

Halafu kila kitu kikishafungwa, mabegi yako garini, tunakaa wote kwenye ngazi za baraza bila kusema neno. Dakika kumi hivi. Hata vijana wanaobalehe, ambao siku nzima wameninunia, wanakaa. Sijui nani alianzisha.

Mwana wa Mvua

Wakuu, kwetu hakuna barafu wala majani kupukutika. Tuna mvua na ukame, basi. Nimekuwa nikidhani hatuna misimu ya kusimulia mpaka niliposoma hii.

Baba alipigilia misumari kwenye nguzo ya gati, mmoja kwa kila mwaka, pale maji yalipofika juu kabisa mwisho wa mvua. Misumari ya zamani ina kutu nyekundu, mingine imekatika, kuna mmoja uko juu ya kichwa changu. Ule mwaka tulifunga mtumbwi kwenye nguzo za baraza.

Mimi raha yangu ni upepo. Asubuhi ziwa limetulia kabisa, unaona mawingu yote mawili mawili. Kuelekea mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi: unasikia mapazia yanaingia ndani ya nyumba. Usiku inakuwa kinyume, nchi kavu inapoa upesi, upepo unatoka kwa nyuma ya nyumba kwenda majini, na mapazia yale yale yanatoka nje ya dirisha. Nikiwa mdogo nililala nikiyatazama. Nilijua saa kwa mapazia.

Na mvua kubwa ikija tunakimbilia barazani wote kuhesabu. Mwanga wa radi ukipiga unaanza: moja, mbili, tatu, hadi ngurumo. Gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Lakini wadau, kama kuna mtu majini, msihesabu. Ukisikia tu ngurumo, atoke. Bibi alikuwa mkali kwa hilo kuliko jambo lingine lolote, na alikuwa sahihi.

Kereng'ende

Mapazia! Umenirudisha mbali sana, ndugu yangu.

Mimi ni ganda la kereng'ende. Kila mwaka siku zikianza kupata joto nayatafuta kwenye matete: maganda matupu, mepesi, yamepasuka mgongoni, miguu bado imeng'ang'ania jani. Mdudu ameishi chini ya maji muda mrefu, wengine miaka, kisha asubuhi moja anapanda kwenye tete, anapasua mgongo wake na kutoka na mbawa. Niliwahi kumwona mmoja tangu mwanzo. Mbawa zilikuwa zimekunjamana kama karatasi iliyolowa. Zilichukua zaidi ya saa nzima kunyooka, na mimi nimekaa majini hadi kiunoni, natetemeka, sikutaka kuhama.

Sahani Nyeupe

Salaam wote. Hadithi ya kwetu ina uchungu na raha pamoja.

Bibi alikuwa na sahani nyeupe ya bati iliyobanduka rangi pembeni. Aliitoboa katikati, akapitisha kamba yenye mafundo, na kila mwanzo wa majira ya joto alikwenda mwisho wa gati adhuhuri na kuishusha majini. Aliishusha hadi isionekane, akaipandisha hadi ionekane tena, akahesabu mafundo. Akayaandika kwenye daftari. Sisi wajukuu tulidhani ni mchezo wake.

Nimekuja kusoma kwamba ni kipimo cha kweli. Padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, alikipima baharini mwaka 1865, na mpaka leo watafiti wa maziwa wanashusha kisahani cha upana wa sentimita 20, chenye robo nyeupe na nyeusi, kwa namna ile ile ya bibi.

Daftari lake linaanza na mafundo kumi. Miaka inakwenda: tisa, tisa, nane. Bibi alipoacha kuona vizuri nikapokea mimi, na mwaka mmoja nilihesabu matano. Nilirudia mara tatu. Maji yalikuwa ya kijani, na mwisho wa msimu yakafanya utando kama rangi iliyomwagika. Watoto hawakuogelea mwaka ule, maana utando wa namna ile unaweza kuwa na sumu, na mbwa akinywa anaweza kufa.

Tulikaa kikao cha familia, kikali kidogo. Kaka zangu walikuwa wamesafisha matete yote mbele ya nyumba ili paonekane vizuri, na bustani ilikuwa inawekwa mbolea hadi ukingoni. Shimo la choo halijanyonywa miaka. Yote hayo yanateremsha fosforasi majini, na fosforasi ndiyo chakula cha ule utando. Tukanyonya shimo, tukaacha mbolea, tukaacha matete yarudi. Majirani wawili wakafuata, wengine bado. Msimu uliopita nimehesabu mafundo saba.

Sijawahi kufurahia nambari yoyote maishani kama ile saba.

Mwana wa Mvua

Mkuu Sahani, naomba kuuliza kwa vile unaonekana umesoma mambo haya. Gati letu, baada ya siku yenye upepo mkali, upepo ukishatulia kabisa, maji huwa yanapanda na kushuka polepole kwenye nguzo kama mtu anavuta pumzi. Si mawimbi. Baba alituambia ziwa limelala.

Sahani Nyeupe

Baba yako aliona vizuri. Upepo unayasukuma maji yote kuelekea upande mmoja wa ziwa, ukiacha yanarudi, yanapitiliza, yanarudi tena, kama maji ya beseni uliloligusa. Mswisi mmoja, François-Alphonse Forel, alilichunguza sana jambo hili kwenye Ziwa Geneva katika karne ya 19. Kule mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, unachukua dakika zipatazo 73. Pima wa kwenu, keti na saa kwenye gati.

Mjukuu wa Mwisho

Nimechelewa, nimesoma yote kwa mkupuo.

Kwetu nyumba inauzwa mwaka huu. Hakuna ugomvi, ni kwamba tumetawanyika na wazee hawawezi tena ngazi. Nilikwenda peke yangu wiki mbili zilizopita. Nikaruka kutoka kwenye gati, mchana, kama zamani: juu maji ya uvuguvugu, halafu miguu inapita ule mpaka na kuingia kwenye baridi ambayo jua halijaifikia. Mpaka ule ni mkali kiasi kwamba unaweza kuweka magoti juu na nyayo chini. Nilikaa hapo, nusu kwenye joto na nusu kwenye baridi, mpaka vidole vikakunjamana.

Nimechukua kitu kimoja tu, komeo la mlango wa nyuma. Liko mezani hapa ninapoandika.

Mama Wawili

Mdogo wangu, pole. Sogea tu huku, tutaenda pamoja na wanangu. Nasema kweli.

Kasia la Babu (mleta mada)

Nimemsomea mzee majibu yote jana usiku. Amesikiliza amefumba macho. Kwenye ya mapazia alicheka, kwenye ya mama kwenye gati alinyamaza, na mwisho akanisahihisha: ngazi inayolia ni ya tatu, ya pili aliikarabati yeye mwenyewe nikiwa sijaoa. Nimebisha, tutakwenda kuona.

Sahani Nyeupe, tunakwenda Jumamosi. Nina sahani ya zamani ya babu na kamba. Kati ya fundo na fundo uliweka urefu gani?

Sahani Nyeupe

Nusu mita. Funga jiwe chini yake, la sivyo sahani italala upande. Na mpe mtoto ashike kamba.