Mbona jeni ya selimundu imejaa Kisumu kuliko Nakuru?

mwalimu_baiolojia (Nakuru): Darasani wanasema selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) ni "ugonjwa wa Wajaluo". Nawajibuje? Na kama jeni inaua, mbona haijaisha?

upepo_wa_ziwa: Mwalimu, jeni hii inafuata mbu, haifuati kabila. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapo Gilgil, alipima damu za Wakenya mwaka 1949: karibu na Ziwa Victoria na pwani wabebaji (AS, wenye nakala moja tu ya jeni hii) walipita asilimia 20, nyanda za juu hawakufika 1. Walinganishe Waluhya na Wakikuyu. Wote ni Wabantu, lakini wa ziwani wanayo kwa wingi na wa milimani ni haba. Wajaluo ni Waniloti, nao wanayo kwa sababu wanaishi kwenye malaria ileile.

Kosa lenyewe ni la herufi moja katika jeni ya beta-globini (sehemu ya himoglobini ya damu), kromosomu 11: GAG imekuwa GTG. Haiishi kwa kuwa AA (asiye na jeni hii) yuko hatarini kufa kwa malaria kali, SS (aliyeirithi kwa wazazi wote wawili) yuko hatarini kufa kwa selimundu, na AS huponea katikati.

mama_maabara: Naongeza: AS huambukizwa malaria kama wengine, ila mara nyingi haimfikishi pabaya. SS hana kinga hiyo, malaria humuua upesi. Neti ni ya wote.

Kipimo cha haraka cha kuyeyusha hakitofautishi AS na SS. Mtoto wa chini ya miezi 6 pia kinaweza kumkosa, maana himoglobini aliyotoka nayo tumboni mwa mama bado ni nyingi. Omba elektroforesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini.

upepo_wa_ziwa: Darasani tumia maharagwe: 450 mekundu (jeni ya kawaida, A), 50 meupe (jeni ya selimundu, S), mfuko mmoja. Wachote mawili mawili bila kutazama. Jozi nyeupe tupu, tupa zote. Jozi nyekundu tupu, tupa 1 katika kila 10. Hiyo ndiyo malaria. Hesabu yaliyobaki, jaza tena hadi 500 kwa uwiano uleule, rudia. Meupe yatachezacheza karibu na asilimia 10.

Kisha ondoa malaria, yaani tupa jozi nyeupe peke yake. Baada ya vizazi 10 meupe hushuka hadi karibu nusu. Hayaishi, kwa sababu mengi yamejificha ndani ya jozi mchanganyiko.

mwalimu_baiolojia: Maharagwe 50 kwa jumla hayatoshi?

upepo_wa_ziwa: Hayatoshi. Meupe yatakuwa 5 tu, bahati mbaya ya mchoto mmoja au miwili inaweza kuyafuta, na wanafunzi wataamini ni malaria iliyofanya hivyo.