Kufunga alamu mwenyewe nyumbani: king'ora kinakwaruza, sensa inalia mchana

Mgebuka
Wakuu habari. Nipo Kigoma, Mwanga. Nimefunga alamu ya laini ya simu: kisanduku kikuu chenye adapta ya volti 12 ampia 1, sensa mbili za mwendo na sumaku nne za milango zisizo na waya, na king'ora cha nje cha waya. Sensa ya sebuleni inalia kuanzia saa tisa alasiri nyumba ikiwa tupu. Mlango wa mbele ni wa chuma, alamu inasema uko wazi hata ukiufunga. King'ora kipo nyuma ya nyumba, waya mita 20. Kikianza kulia kinakwaruza tu, halafu kisanduku kinajizima na kuwaka upya. Nianzie wapi?

FundiWaya
Anza na king'ora, mkuu. Ule waya mwembamba wa alamu wa 0.22 mm², mita 20 kwenda na kurudi una kama omu 3. King'ora cha ampia 1 kinapoteza volti 3 njiani, kinabaki na 9, lazima kikwaruze. Vuta waya wa 1.5 mm², upotevu unashuka chini ya nusu volti.

Kisanduku kinajizima kwa sababu adapta ya ampia 1 inabeba king'ora na simu iliyomo ndani ya kisanduku kwa pamoja, na simu hiyo ikipiga inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Tafuta betri ya 12V 7Ah (volti 12, ampia-saa 7) na chaja yake ya volti 13.6 hadi 13.8. Weka fyuzi ya ampia 3 karibu kabisa na chanya ya betri. Tundu la king'ora kwenye kisanduku liendeshe relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya volti 12 tu. King'ora kipate umeme wa betri kupitia relei hiyo. Kwenye koili ya relei (waya uliozungushwa ndani yake) funga dayodi 1N4007, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake uelekee chanya. Watu wengi huiruka, halafu wanashangaa kisanduku kinaganda kila king'ora kinapozima.

Kisanduku nacho kilishe kwa betri hiyohiyo, ila soma kwanza kibandiko kama kinavumilia volti 13.8. Kikivuta ampia 0.1, kwa hesabu ya karatasi betri peke yake inakaa saa 70. Wewe hesabu nusu yake, hasa betri ikishazeeka.

Mama Gungu
Saa tisa jua limeshageukia ziwani. Bila shaka sensa yako inatazama dirisha la magharibi: pazia linapata moto, upepo unalipeperusha, sensa inaona joto linatembea. Ihamishie ukuta uleule wa dirisha, kwenye kona, urefu wa mita 2.1 hivi, ili mtu akatize mbele yake badala ya kuijia usoni. Isielekee feni wala friji. Kama hakuna dari, usiiweke karibu na bati.

Ziba tundu la nyuma kwa silikoni. Sisimizi na buibui wakiingia ndani, na mjusi kafiri akipita juu ya lenzi, utaamshwa usiku bure.

Katubuka_Umeme
Mlango wa chuma unanyonya nguvu ya sumaku. Weka kipande cha mbao au plastiki cha milimita 10 chini ya sumaku na kingine chini ya sensa yake, kisha hakikisha mlango ukifungwa nafasi kati yao haizidi milimita 5. Ikigoma, tafuta sumaku kubwa za milango ya chuma, zipo.

Laini: itie kwanza kwenye simu, ondoa namba ya siri, futa meseji zote, weka salio. Usiku tumia hali ya kubaki ndani, milango inalindwa na sensa za mwendo zinalala, la sivyo anayeenda chooni ataamsha mtaa.

Mgebuka
Asanteni sana. Nimehamisha sensa, lakini nikiijaribu inashika mara ya kwanza tu, nikirudi kupita haiwaki.

Mama Gungu
Siyo mbovu. Zisizo na waya zikishashika hulala kama dakika 3 kutunza betri, na kila zikiona mwendo huanza kuhesabu upya. Toka chumbani, funga mlango, subiri dakika 4, ndipo uingie. Nyingine zina swichi ndogo ya majaribio ndani ya kifuniko. Ukimaliza irudishe, maana ikibaki hapo betri haikai.