Tupeane uzoefu: ulichaguaje saizi ya rimu na matairi ya sedani yako ya michezo?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tupeane uzoefu kwa mliobadili rimu za kiwandani kwenye sedani za michezo. Kwamba rimu ya inchi 18 inapendeza nalijua, halihitaji mjadala. Ninachotaka ni hiki: ulitoka saizi gani, ukaenda ipi, ulipigaje hesabu, na gari likawaje baada ya hapo.

Langu ni BMW E90. Stika ya mlangoni inasema 225/45R17 yenye namba ya mzigo 91. Rimu ni 8J (upana wa inchi 8), ET34 (ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaofungwa kwenye gari), PCD 5x120 (boliti tano kwenye duara la milimita 120), tundu la katikati milimita 72.6. Springi ni za kiwandani na sina mpango wa kulishusha. Nimepata seti mbili, moja ya 18 na moja ya 19. Moyo uko kwenye 19. Karibuni.

Kipimo Kwanza

Mkuu, kabla ya inchi za rimu, piga hesabu ya kimo cha tairi zima. 225 ni upana kwa milimita, 45 ni ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu. Ubavu wako ni milimita 101 na kitu. Zidisha mara mbili, jumlisha 431.8 za rimu, unapata 634. Ukifunga 225/40R18 unapata 637, yaani nusu asilimia tu, mshale wa spidi hautajua kama umebadili kitu. Ukifunga 235/40R18 unafika 645, karibu asilimia 2. Wengi wanaweka ukomo wa asilimia 3. Mimi sivuki 2, kwa sababu spidomita za kiwandani huzidisha kidogo makusudi, na kila ukiongeza kimo unakula ile akiba. Halafu tairi refu linaanza kutafuta fenda.

Sasa uzoefu wenyewe. Sedani yangu ilikuja na 8J ET45. Nikaletewa 9J ET38, nzuri kweli kweli, na muuzaji akaapa kwamba "zinaingia bila shida". Sikubishana naye. Niliegesha gari pahala tambarare, nikachukua uzi nikaufunga nati mwishoni, nikauning'iniza kutoka ukingo wa fenda ya nyuma. Nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa rimu: milimita 21.

J moja ni inchi moja ya upana, 25.4, na inagawanyika pande mbili: 12.7 nje, 12.7 ndani. Ofseti ikishuka kutoka 45 hadi 38, rimu nzima inasogea nje milimita 7. Kwa hiyo 9J ET38 ingetoka nje 12.7 na 7, jumla 19.7. Inabaki milimita moja na nukta, na hapo gari halijabeba mtu wala kugonga tuta, tena bado hujahesabu tumbo la tairi. Nikazikataa. Nikachukua 8.5J ET40: nje inatoka 11.35, ndani inaingia 1.35 tu. Nina tairi la 225 juu yake na halijawahi kugusa popote, hata viti vyote vikiwa na watu.

Watu wanauliza inchi kwanza. Inchi ndiyo swali rahisi kuliko yote. J na ET ndiko kwenye kesi.

Lami Tupu

Umemaliza mkuu. Naongeza tu kwamba pande zote mbili zipimwe. Fenda unaiona kwa macho, ila ndani kuna shokapu, na huko hakuna anayeinama kuchungulia. Na ya mbele pima ukiwa umekunja usukani mpaka mwisho, kushoto halafu kulia.

Rimu Nyeusi

Mimi niko upande wa moyo wako, mleta uzi 😀 Nina 19 kwenye sedani yangu na sijutii. Nilitoka 225/45R17 kama wewe, nikaenda 235/35R19. Kona linashika kama limegundishwa, usukani unajibu papo hapo. Ila niseme ukweli wote: barabara ikiwa na viraka unavihesabu kimoja kimoja kwa makalio. Ubavu umebaki milimita 82. Shimo ambalo zamani nilikuwa nalipita naongea na simu, sasa nalikwepa. Usiku wa mvua naendesha kwa adabu. Mwenye uvumilivu huo achukue 19, asiye nao akae mbali.

Beringi

Kuongea na simu ukiendesha nako tuanzishie uzi wake.

Dada wa Turbo

Habari zenu. Mimi ni wa Subaru, WRX ya zamani ya 5x100, kiwandani 215/45R17, tundu la katikati 56.1. Ninalotaka kusema ni kwa wenye gari zinazovuta magurudumu yote manne, maana mara nyingi mnasahauliwa kwenye mijadala hii.

Subaru wenyewe wanataka matairi yote manne yawe saizi moja na aina moja, na mzunguko usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6.4. Tairi langu moja lilichanika ubavuni, mengine matatu yakiwa nusu ya maisha. Pale dukani wakaniambia ninunue moja jipya, mambo yaishe. Nikakaa chini na kalamu. Jipya lina kina cha mikato cha milimita 8 hivi, yangu yalibaki na 4. Tofauti ya kina ni 4, ya kimo ni 8 kwa sababu inahesabika juu na chini, ya mzunguko ni 8 mara 3.14: milimita 25. Hiyo ni karibu mara nne ya kinachoruhusiwa. Ukifunga hivyo, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata ukiwa unakwenda wima, inachemka, na bili yake siyo ya kuchekea.

Nikanunua manne. Iliuma. Na hapo hapo ndipo niliposema kama nanunua manne basi nifikirie na saizi, nikaishia kubaki na 17 ile ile. Nilichobadili ni ubora wa tairi. Kwenye mvua gari limekuwa jingine kabisa kuliko lilivyokuwa, na rimu ni zile zile za kiwandani. Kwa hiyo wa gari za aina hii: kufunga tairi pana nyuma na jembamba mbele kwa ajili ya picha, msijaribu kama vimo havilingani.

Mzee wa Garaji

Binti hapo juu kaongea. Mimi nafunga rimu kila siku, nitaeleza ninayoyaona.

La kwanza, tundu la katikati. Rimu nyingi za dukani hutobolewa tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili zikae kwenye gari za kila namna. Gari lina habu (kitovu rimu inapovikwa) ya 60.1, kama Toyota nyingi. Pengo la milimita 13 linajazwa na pete. Pete ikikosekana, rimu inabebwa na nati peke yake na inakaa upande kidogo. Mteja mmoja alikuja analalamika usukani unatetemeka kuanzia 90 mpaka 110, chini ya hapo shwari. Ameshabalansi kila mahali, ameshafanya alaimenti, anaanza kuambiwa abadili mikono ya stelingi. Nikafungua gurudumu, nikapitisha kidole kati ya habu na rimu, kikazunguka kote bila kugusa chuma cha rimu. Pete nne. Akaondoka gari limetulia.

La pili, 5x112 na 5x114.3. Tofauti kwenye nusu kipenyo ni milimita 1.15 tu, kwa hiyo ukilazimisha stadi zinaingia na nati zinakaza, mtu anaona kazi imeisha. Nati haijakaa kwenye kiti chake, yaani pale inapokalia kwenye tundu la rimu, imeegemea upande. Hiyo sifungi hata uniletee mzee mwenzangu aniombe. Na kiti chenyewe kitazame: Honda nyingi za kiwandani hutumia nati yenye kiti cha mviringo kama mpira, rimu nyingi za dukani zinataka cha koni. Ukichanganya, nati italegea.

La tatu, kukaza. Tumia spana ya kupima nguvu, siyo kurukia spana kwa mguu. E90 ni Nm 120, Toyota nyingi za sedani ni 103. Rimu mpya ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, rudi uikague tena.

Lami Tupu

Mzee, na hizi spesa za kusogeza rimu nje vipi?

Mzee wa Garaji

Iliyo na kola ya habu na boliti ndefu za kutosha, sina ugomvi nayo. Zile bapa za kubandika tu katikati, hapana.

Kilo Pungufu

Mimi nilikwenda kinyume na wote. Gari nililinunua likiwa na 19 za mwenyewe wa kwanza, za kumimina, kubwa, zinang'aa. Gari lilikuwa zito kuondoka, na kwenye tuta nyuma ilikuwa inagonga kama mlango. Nikapandisha gurudumu moja zima kwenye mizani: kilo 24. Nikatafuta 17 nyepesi, na tairi lake ikasoma 18. Kilo sita kila pembe, tena ni uzito usiobebwa na springi na unaozunguka, kwa hiyo injini inausukuma kila ukiondoka na breki zinausimamisha kila ukikanyaga.

Gari lilifunguka. Wenzangu waliona nimeshusha hadhi, mpaka walipoendesha.

Angalizo moja: ukishuka inchi hakikisha rimu inapita juu ya kalipa, ile inayobana diski ya breki. STI zenye breki za Brembo, kwa mfano, haziingii 16. Na siyo kipenyo tu, umbo la mikono ya rimu nalo linaweza kugusa kalipa hata kama inchi zinatosha. Kwenye rimu za mitumba tafuta chapa ya JWL au VIA, alama za Kijapani za ubora wa rimu, kwenye chuma chenyewe, kisha zizungushe kwenye mashine kabla hujatoa hela. Rimu iliyopinda kwa ndani haionekani ukiwa umesimama mbele yake.

Rimu Nyeusi

Kilo sita ni nyingi, hapo sina la kusema. Ila picha tuma tuone hiyo 17.

Mkanda Mweusi

Nina E90 kama ya mleta uzi, nimepita njia hiyo hiyo. Kiwandani kuna mpangilio wa 18 unaokuja mbele 8J ET34 na 225/40, nyuma 8.5J ET37 na 255/35. Vimo vinapishana milimita 1.5 tu, wale jamaa walipiga hesabu zao vizuri. Niliufunga huo. Kwa macho ni mzuri na nyuma linashika ukikanyaga mafuta ukitoka kona. Ubaya wake huwezi kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, kwa hiyo ya nyuma yanaisha yakiwa peke yake na unanunua jozi. Safari hii nikirudi dukani nafunga 225/40 kote kote.

Jambo jingine, angalia kama matairi uliyonayo sasa ni ran-flati, yale yanayoweza kutembea kidogo hata yakiisha upepo. Gari hizi nyingi zilikuja nayo na bila tairi la akiba. Ubavu wa ran-flati ni mgumu. Kutoka 17 ya ran-flati kwenda 18 ya tairi la kawaida, langu lililainika. Wanaosema 18 lazima iwe ngumu hawajatenganisha hayo mawili. Ila ukitoa ran-flati weka kwenye buti pampu na dawa ya pancha, maana ile kinga imeondoka.

Mleta uzi

Kumbe! Yangu ni ran-flati kweli, na mimi nilikuwa nailaumu shokapu. Sasa 19 tuiweke wapi? Hiyo seti ni 8J na muuzaji anasema tairi ni 225/35.

Mzee wa Garaji

Hapo tazama namba ya mzigo kijana, wengi hawaifiki. 91 ni kilo 615 kwa tairi. 225/35R19 hata ile iliyoimarishwa, ya XL, huwa ni 88, yaani kilo 560. Umeshuka chini ya stika ya mlango. Ili urudi 91 kwenye 19 itabidi uende 235/35 XL kama huyu Rimu Nyeusi, na kimo kinafika 647. Inawezekana, ila siyo hiyo seti unayouziwa.

Na ukienda 18 vile vile kuwa macho. 225/40R18 zipo za 88 na zipo za 92 XL. Chukua 92, kilo 630.

Kipimo Kwanza

Nakazia la mzee. Na XL inataka upepo zaidi. Uwezo wake kamili unapimwa kwa baa 2.9, la kawaida kwa 2.5. Ukiijaza 92 XL baa 2.5 inabeba kama 88 tu, kwa hiyo umelipia kilo ambazo hujazipata. Ongeza psi 3 au 4 juu ya ulizokuwa unaweka kwenye 17, halafu usome tairi linavyolika.

Mleta uzi

Nimeelewa. Nimekwenda kuikagua seti ya 18: 8J ET34, tundu 72.6 kamili, haihitaji pete, na chapa ya JWL ipo. Ila ile jozi ya matairi anayonipa nayo imeandikwa 88W na tarehe ni 1418. Rimu nachukua, matairi namwachia?

Mzee wa Garaji

1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Mwachie.

Rimu Nyeusi

Mwachie, na punguzo uombe.