Naomba ushauri: nakshi za kudarizi kwenye mto wa maharusi wa Kikorea

Habari zenu wapendwa. Kaka yangu anaoa Mkorea, na mimi nimejitolea kudarizi vifuniko vya ncha za mto, vile waviitavyo begaetmo. Mto wao wa kale ni mviringo mrefu kama gogo, nakshi hukaa kwenye zile ncha mbili.

Nimekwama kwenye kuchagua. Mto wa maharusi zamani ulidariziwa feniksi (ndege wa hadithi za kale) dume na jike na vifaranga saba, jumla ndege tisa. Ncha yangu haizidi upana wa kisahani cha chai! Nikijaribu, kifaranga cha sita kinageuka doa la uzi. Bata wawili wa mapenzi wangenitosha, au komamanga lililopasuka mbegu zikionekana, dua ya watoto wengi.

Halafu kuna popo. Kwao ni heri, maana herufi yake ya Kichina husomwa "bok" kwa Kikorea, sawa na ya baraka. Mama kamwona kwenye mchoro, kasema popo haingii chumbani kwa bibi harusi. Mwenyewe nampenda, nyekundu juu ya hariri ya buluu.

Waliowahi kudarizi hizi, nipunguze vifaranga au maana itapotea? Na popo nimpeleke kwenye kitambaa cha kufungia zawadi?