Mnaotuuzia mikanda ya filamu za kamera saizi ya 120 iliyokufa kwa bei ya mipya, mnatukosea sana

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile za "nauza kamera", huu ni wa hasira na nimeukalia kwa wiki mbili.

Marehemu baba alikuwa mpiga picha Tanga, Ngamiani, enzi ambazo siku ya Idi ukichelewa kufika studio unakuta foleni mpaka barabarani, watoto wamepakwa poda usoni, nusu yao wanalia. Alifariki 2019. Tulipogawana urithi, kaka zangu walichukua vya maana, mimi nikaambulia Yashica Mat-124G. Ile yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, unaishika tumboni na kuinamia kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Kaka mkubwa alicheka, akasema nimeachiwa pambo la kabatini.

Si pambo. Nimeipeleka kwa fundi, akasafisha ukungu kwenye lenzi (hewa ya Tanga mnaijua), shata inalia vizuri, na mkono wa kuzungushia mkanda ni laini kama juzi. Kipimo cha mwanga ndicho kinachodanganya, kwa sababu kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo siku hizi haiuzwi. Hilo halinisumbui. Baba mwenyewe sikumbuki kumwona akikitazama. Alikuwa anaangalia kivuli cha mtu kilivyolala chini, anaseti, anapiga.

Kamera ni nzima. Balaa ni mkanda.

Nimezunguka Kariakoo siku tatu. Nikiuliza mkanda, wananionyesha mikanda ya suruali. Nikisema filamu, dogo ananiuliza, "Ya Kikorea au ya Kihindi, bro? Iliyotafsiriwa ipo." Duka moja, mwenye duka akaingia stoo kwa mbwembwe, nikajua leo nimepona, akarudi na kaseti ya VHS. Mwingine, tena ana bango la studio nje, akanipa filamu ya 35, ile ya kikopo chenye ulimi, na nilipomwambia haiingii akanijibu "zote filamu tu mkuu". Zote filamu! Ni sawa na kumuuzia mtu tairi la bodaboda kwa ajili ya Fuso, zote tairi tu. Mkanda wa 120 hauna kikopo. Una upana wa kama sentimita 6, umezungushiwa kwenye kigurudumu pamoja na karatasi yake ya mgongoni, na kwenye kamera yangu unatoa picha 12 za mraba, basi.

Na msiniletee ile ya "hizo waliacha kutengeneza zamani". Nimeambiwa hivyo na watu wanne na wote hawajui wanachosema. Saizi ya 120 ipo tangu 1901 na mpaka leo inatengenezwa. Ilford wanatengeneza Uingereza, Foma wanatengeneza Jamhuri ya Cheki, Kodak wanatengeneza Marekani, tena mwaka 2022 Kodak waliitoa upya Gold 200 katika saizi hiyohiyo ya 120. Kitu kipo duniani. Kisichopo ni mtu wa kutuletea kikiwa kizima.

Sasa ndipo nikapigwa. Nikapata jamaa mtandaoni, ana mikanda mitatu ya 120, nyeusi na nyeupe, ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), "mipya kabisa, stoku ya mwisho". Mitatu laki moja na themanini. Ikaja imefungwa kwenye karatasi zake za fedha lakini haina maboksi. Nikamuuliza boksi liko wapi, maana tarehe ya kuisha muda huandikwa kwenye boksi. Akasema waliyatoa ili mzigo upungue uzito. Boksi la karatasi, wakuu! Halifiki hata uzito wa kiberiti. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, lakini Idi ilikuwa keshokutwa na akili yangu ilikuwa kwa mama.

Mama ana miaka 74. Nilipomwambia nakuja na kamera ya baba alitoa gauni ambalo sikuwahi kuliona, akajipaka wanja, akaweka kiti uani penye kivuli bila kuambiwa na mtu. Akakaa, akashusha kidevu kidogo, akatazama lenzi ya chini. Ya chini, jamani. Wateja wote wa baba walikuwa wanatazama ya juu na yeye kutwa kazi yake ni kuwaelekeza kwamba ya juu ni ya mpiga picha kuangalizia, inayopiga ni ya chini. Mama hajasahau. Nikapiga mikanda miwili, picha 24, yeye, wajukuu, na jirani mmoja aliyelazimisha kuingia.

Kabla hamjaniambia nilikosea kuseti: bamba la nyuma linalobana filamu lilikuwa kwenye 12, yaani mkanda wa picha 12, siyo 24. Shata 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, kivulini. Nimekulia kwenye hii kazi.

Tukasafisha bafuni kwa mama, mimi na mzee mmoja aliyekuwa akimsafishia baba picha. Dawa ya nyeusi na nyeupe inataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya Tanga yanatoka vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto, kwa hiyo tulinunua barafu za mia mbili mia mbili tukazipanga kwenye beseni. Dakika zikafika, tukasuuza, tukanyanyua mkanda kwenye mwanga. Yule mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Huu ulishaiva kabla haujapikwa."

Kijivu tupu. Sura za watu zipo kwa mbali, kama umewapiga ndani ya moshi wa kuni. Na juu ya sura hizo zimechapika namba na vidoti vya ile karatasi ya mgongoni, maana mkanda ukikaa miaka kwenye joto na unyevu, wino wa karatasi unaacha alama kwenye filamu. Picha nzuri kuliko zote ya mama ina namba 7 katikati ya paji la uso.

Ili nisimsingizie mtu, mkanda wa tatu tuliusafisha bila kuupiga kabisa. Filamu ambayo haijaona mwanga, ukiisafisha, inatakiwa itoke nyeupe inayoonyesha upande wa pili. Huu nao ukatoka kijivu kilekile. Kamera ya baba haina kosa, mimi sina kosa.

Nikamtumia muuzaji ushahidi wote. Jibu lake nalinukuu: "Boss huo ndio uzuri wa filamu, inatoa mwonekano wa kizamani, wazungu wanautafuta." Kisha akaniblok.

Huyu si peke yake, ndiyo maana nimeanzisha uzi. Mnaokota mikanda kwenye stoo za studio zilizofungwa, imekaa chini ya bati miaka 15 au 20, mnaiita adimu na kuipandishia bei. Filamu si kitenge. Ile dawa yake imeshikiliwa na jelatini, na jelatini inatoka kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe. Ni kitu cha kukaa kwenye friji. Wenye uzoefu wanasema mkanda uliopita muda unauongezea mwanga stopu moja (yaani mwanga mara mbili) kwa kila miaka 10, sawa, lakini hiyo ni kwa uliotunzwa pasipo joto kali. Uliopikwa na bati la Buguruni hauna hesabu. Uza tu kwa jina lake: "umeisha 2008, sijui ulikaa wapi, elfu tano". Wapo watakaonunua kwa kujaribu, hata mimi ningenunua mmoja.

Binamu yangu yupo Muscat anakuja Desemba, nimemwomba aniletee mitano. Nimeshamwambia abebe mkononi, asithubutu kuitia kwenye begi la chini maana mashine za kukagulia mizigo ya chini zinaunguza filamu, na uwanjani aombe wakague kwa mkono. Ila Desemba ni mbali, na mama ananiuliza kila simu, "Zile picha zimetoka?" Namjibu bado zinasafishwa.

Kwa hiyo kama kuna mtu Dar, Tanga, Arusha, hata Mombasa, ana 120 ya kweli iliyokaa kwenye friji, aje inboksi na picha ya boksi, upande wenye tarehe, nalipia leo. Wa kuniambia "piga tu na simu" apite kimya. Na ambaye boksi lake limepotea, apotee nalo.